Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maafa: siku tunazopewa na Mto Tana zinapotelea wapi?

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya kukabiliana na maafa katika kaunti za bonde la chini la Mto Tana, katika ngazi zote mbili za serikali.

KUH: MATAYARISHO YA NYUMBA NA VIJIJI KABLA YA MVUA ZA VULI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Hii ni barua ya nne. Tatu zilizotangulia tulizipeleka kwa mkono katika ofisi husika, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na jibu pekee lililotoka lilikuwa la mdomo: subirini. Vuli iko mlangoni, na aliyejenga ukingoni mwa mto hana pa kusubiria. Ndiyo maana safari hii tunawaandikia mbele ya watu wote.

Hatulalamikii mvua. Tunalalamikia siku zinazopotea. Mafuriko ya Tana ya chini si kama yale ya Mai Mahiu ya Aprili 2024, ambako maji yalishuka usiku mmoja na kuzoa nyumba watu wakiwa wamelala. Maji yanayoifunika Garsen huwa yamenyesha Mlima Kenya na Aberdare. Hujaza bwawa la Masinga, hupita mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yaanze safari ndefu ya tambarare kupitia Garissa, Bura na Hola hadi deltani. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Mara nyingi mto hufurika Hola jua likiwaka, na mgeni wa mambo haya hutazama mawingu badala ya kuutazama mto. Kwa hiyo kila tulipofurika, iwe 1997, 2018, 2019, 2023 au 2024, palikuwa na mtu huko juu aliyeyaona maji kabla yetu. Tunauliza: siku hizo huishia wapi kabla ya kumfikia mama mwenye gunia la mahindi sakafuni?

Malalamiko yetu ni haya.

1. Tahadhari hutufikia ikiwa namba, wakati sisi tunahitaji kuambiwa la kufanya.

Tangazo likisema bwawa la Masinga limefika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maana yake ni kwamba limejaa na maji yanayozidi yanaanza kumwagika kuja kwetu. Mhandisi anaelewa. Mkulima hajui kama namba hiyo itamfika magotini au kiunoni, wala kama ni leo au Jumatano. Kipimo cha mto pale Garissa nacho ni hivyo hivyo. Kinatajwa kwa mita, lakini hakuna aliyekaa na wazee wa vijiji akaandika kwamba kikifika hapa, mashamba ya chini ya kijiji fulani yanaingia maji. Kikifika pale, njia ya zahanati inakatika. Kikizidi hapo, watu wahame.

Kazi hiyo haihitaji mtambo. Alama za maji ya 2018 na 2024 bado zinaonekana kwenye kuta za shule, na pale zilipofutika wenyeji wanajua maji yalifika tawi gani la mwembe. Zipimwe, zilinganishwe na kumbukumbu za kipimo za tarehe zile, na kila kijiji kipate jedwali lake la mistari mitatu. Kisha kijiji kisimamishe kigingi chake cha mto: nguzo ya saruji au mti mgumu, yenye alama kila sentimita 10, iliyopakwa kijani, manjano na nyekundu. Isichimbiwe mahali mkondo unapopiga, kwa sababu magogo yanayokokotwa na maji huivunja siku ile ile inapohitajika. Msomaji asome saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na maji yakigusa manjano asome kila baada ya saa 3. Awe na msaidizi anayejua kazi, na wote wawili wawekewe pesa ya simu. Mipango ya namna hii hufa kwa jambo dogo sana: msomaji amesafiri kwenda mazishini, na hakuna mwingine aliyeonyeshwa jinsi ya kusoma.

Ujumbe wenyewe utolewe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Upitie redioni, kwenye vipaza sauti vya misikiti na makanisa, na mdomoni mwa mzee wa Nyumba Kumi anayebisha hodi. Arafa peke yake haitoshi. Mvua zikizidi milingoti ya simu hukosa umeme, na simu za watu huisha chaji kabla ya maji kufika. Tunapendekeza maneno kama haya: "Maji yatafika kwetu Alhamisi jioni, kimo cha kiuno. Leo pandisheni chakula. Kesho mifugo itoke. Keshokutwa asubuhi watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa watoke." Mtu akisikia hivyo anajua ashike nini kwanza.

2. "Nendeni sehemu za juu" si mpango.

Maneno haya hurudiwa kila msimu kana kwamba sehemu hizo ni tupu na zina maji ya kunywa. Ardhi iliyoinuka katika tambarare yetu ni kidogo. Sehemu kubwa yake ni malisho, au inapakana na malka, zile njia za mifugo kuteremkia mtoni. Wakulima wanapohamia hapo kwa ghafla na mizigo yao, wafugaji nao wanapandisha ng'ombe hapo hapo wakikimbia maji yale yale. Makubaliano ya nani atapiga hema wapi na mifugo itapita wapi lazima yaandikwe wakati wa kiangazi, wazee wa pande zote wakiwapo na chifu akishuhudia. Hayaandikiki usiku wa maji, watu wakiwa na hofu na watoto wakilia.

Halafu kuna hesabu. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita 3.5 za mraba za kulala kwa mtu, na choo kimoja kwa watu 20, au kwa watu 50 katika siku za mwanzo. Chukueni kijiji cha kaya 200, kila kaya watu 6. Hao ni watu 1,200. Wanahitaji lita 18,000 za maji kila siku, yaani lori la lita 10,000 likija mara moja kwa siku, karibu nusu ya watu hawapati. Wanahitaji vyoo 24 siku za mwanzo na 60 baadaye, ilhali shule wanayopelekwa huenda ina matundu manane. Darasa la mita 7 kwa 8 lina nafasi ya watu 16. Tumeona orodha iliyoandika familia 16 kwa darasa kama hilo. Mashimo ya vyoo yachimbwe sasa, udongo ukiwa mkavu, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na yafunikwe mbao hadi yatakapohitajika. Ukichimba shimo kwenye udongo uliolowa linajaa maji na kingo zinabomoka kabla ya mtu wa kwanza kulitumia.

3. Mafunzo ya nyumbani hayana vipimo.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kaya inaposalimika au kuharibikiwa. Watu huambiwa "hifadhini chakula mahali pa juu". Juu kiasi gani? Kwa nini uchaga mwingi ulioanguka mwaka 2024 ulianguka?

Uchaga wa kuhifadhia chakula uwe nusu mita juu ya alama ya maji makubwa ya mwisho kufika katika nyumba hiyo. Nguzo ziwe sita za mti mgumu, zichimbiwe kina cha angalau sentimita 60, na zifungwe mishazari kila upande, kwani udongo ukilowa huacha kuishika nguzo na uchaga hulala ubavu wenyewe. Gunia moja la mahindi ni kilo 90. Magunia matatu ni uzito wa watu wanne wazima. Na uchaga usifungwe kabisa kwenye nguzo za nyumba ya udongo. Ukuta wa kukandika ukinywa maji huporomoka, na ukiporomoka huvuta uchaga pamoja nao. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Pale ambapo alama ya maji inapita kifua cha mtu mzima, uchaga haufai tena; chakula kihamishwe kwa jamaa aliye sehemu ya juu, maji yakiwa bado kwenye alama ya manjano ya kigingi.

Mahindi yapandishwe yakiwa makavu. Mahindi mabichi yakifungiwa kwenye gunia huota kuvu, na sumu ya kuvu hiyo haitoki kwa kupikwa. Kipimo cha bei nafuu kipo: weka punje kavu za chumvi na mahindi ndani ya chupa ya kioo iliyokauka, funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Ikianguka yote chini ya chupa, yanafaa kuhifadhiwa. Maofisa wa kilimo wanalijua jambo hili. Lifundishwe nyumba kwa nyumba.

Karatasi muhimu ndizo hupotea kwanza na kurudi mwisho: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vyeti vya shule, karatasi za shamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo tusiwaambie watu wafunge karatasi kwenye mifuko wasiyokuwa nayo. Mtungi wa plastiki wenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha hufanya kazi vizuri zaidi. Ujaribiwe kwanza: weka karatasi kavu ndani, funga, uzamishe kwenye ndoo usiku kucha. Karatasi ikitoka kavu, mtungi unafaa.

Mfuko wa kuondokea usizidi uzito ambao mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kutembea nao kilomita mbili. Ndani yake: mtungi wa karatasi, redio ndogo na betri za akiba, tochi, kiberiti kwenye chupa iliyofungwa, chandarua, sabuni, sodo, nguo moja ya kila mtoto, dawa za kutibu maji, na kamba ya mita 10. Anayetumia dawa za kila siku, za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, awe na akiba ya wiki mbili. Hapo zahanati ndiyo ya kulaumiwa, si mgonjwa. Mgonjwa anayepewa dawa za siku saba mwezi wa Oktoba hawezi kujiwekea akiba.

Na kuna hatari ambayo haitajwi kabisa: kurudi. Nyumba za udongo nyingi haziangukii majini. Huanguka maji yakishaondoka, ukuta ukiwa umelainika chini na mzito juu, nguzo zikiwa zimeliwa na mchwa kitambo. Anayerejea asiingie moja kwa moja. Azunguke nyumba, atazame kama ukuta umetuna au umepinda, ausukume kwa mti mrefu akiwa mbali, apekue kila pembe kwa fimbo kwa ajili ya nyoka, na asilale ndani hadi sehemu ya chini ya ukuta ikauke.

4. Boti.

Aprili 2024 boti lilipinduka kati ya Garissa na Madogo, barabara ikiwa imekatika, na watu wakapoteza maisha. Tangu hapo hatujaona kwenye vivuko vyetu ubao hata mmoja unaosema boti hili hubeba watu wangapi. Mstari wa rangi upakwe ubavuni mwa kila boti, na maji yakiugusa mstari hakuna anayeongezwa. Kila abiria avae jaketi la kuokolea, wakiwemo watoto kwa saizi yao. Kusiwe na safari baada ya magharibi. Juu ya barabara iliyofunikwa mkondo hukimbia kuliko mtoni kwenyewe, kwa kuwa maji yanabanwa kupita juu ya tuta, na ukingo wa lami ulioliwa hauonekani. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 hubeba magari mengi. Dereva asiruhusiwe kujaribu, hata akiwa na haraka kiasi gani.

5. Maji machafu na maradhi yanayofuata.

Dawa za kutibu maji hugawiwa baada ya kipindupindu kuingia. Zigawiwe kabla, na maelezo yake. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Maji ya mto yaliyochafuka huhitaji viwili, baada ya kuachwa yatue na kuchujwa kwa kitambaa kizito cha pamba. Subira ni dakika 30. Ukitia kidonge kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, klorini inaishia kwenye matope na vijidudu vinabaki. Kaya inayotumia madumu mawili ya kunywa na kupikia kwa siku, kwa wiki mbili, inahitaji vidonge 56. Mgao wa vidonge kumi ni wa siku mbili na nusu.

Kila mama ajue pia kipimo cha maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, pakiti za hospitali zikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto.

6. Mifugo.

Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo Kaskazini Mashariki baada ya mvua za 1997 na tena 2006 hadi 2007. Mayai ya mbu wanaoieneza hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde miaka mingi, yakingoja maji. Chanjo ifanyike maji yakiwa bado hayajaja. Ikifanyika ugonjwa ukiwa umeingia, sindano moja inayotoka ng'ombe hadi ng'ombe yaweza kuusambaza. Chanjo ya aina ya kale huweza kuharibu mimba, kwa hiyo wafugaji waambiwe ukweli huo mapema, la sivyo wataikataa mwaka unaofuata. Wanyama wakianza kutupa mimba kwa wingi, mtu asishike kwa mikono mitupu, asichinje mgonjwa, na maziwa yachemshwe.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa kwamba bwawa likijaa humwaga lenyewe na hakuna anayeweza kulizuia. Tunakubali. Lakini kujaa kwake huonekana siku nyingi kabla, na tunachoomba ni kuambiwa, si kuzuiliwa maji.

Tutaambiwa El Niño haijatangazwa. Masika ya 2018 hayakuwa ya El Niño, na yalituhamisha. Vuli ya 2019 ilitokana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi. Mto hausubiri jina.

Tutaambiwa watu hukataa kuhama. Ni kweli, wengi hukawia, na wana sababu: mbuzi wataachwa na nani, mabati yataibwa, mpunga uko karibu kuvunwa. Mpango unaosema mifugo itatoka siku gani kwa njia gani, na boti ya doria italinda kijiji kitupu, ungewaondoa watu wengi kuliko vitisho. Anayeahidiwa hema akafika akakuta jua na vumbi, mara ya pili hatoki.

Tutaambiwa kazi hii ni ya ngazi nyingine ya serikali. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeitaja kazi ya maafa kwa serikali ya taifa na kwa kaunti pia. Na tutaambiwa hakuna fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Lakini mengi tunayoyaomba ni rangi, nguzo, karatasi, na siku mbili za ofisa kukaa na wazee chini ya mwembe.

Tunachoomba

Kwanza, jedwali la kila kijiji na kigingi chake, kabla ya mwisho wa Septemba, kuanzia vijiji vilivyohama 2024.

Pili, orodha ya vituo vya kukimbilia, ikitaja kila kituo kitapokea watu wangapi, kina vyoo vingapi, na maji yatatoka wapi, ibandikwe kwa chifu, shuleni na zahanati.

Tatu, makubaliano ya maandishi kati ya wakulima na wafugaji kwa kila kituo.

Nne, vidonge vya maji vya wiki mbili, vyandarua, na dawa za akiba kwa wagonjwa wa kudumu, vifike vijijini barabara zikiwa bado zinapitika. Lori likikwama katikati ya maji, chakula kilichomo ndani yake hakijatufikia.

Tano, ukaguzi wa maboti yote ya vivuko na jaketi za kutosha.

Sita, chanjo ya mifugo ianze sasa.

Saba, jina la cheo na namba ya simu ya ofisa mmoja atakayepokea usomaji wa vigingi usiku na mchana, na wa pili atakayepokea wa kwanza akikosekana.

Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombi la habari hujibiwa ndani ya siku 21, na likihusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Tunaomba orodha ya vituo na mpango wa tahadhari kwa kifungu hicho cha saa 48, na mengine kwa siku 21. Tuko tayari kukutana nanyi kijijini siku yoyote mtakayotaja, na wasomaji wa vigingi tumekwisha kuwachagua, wawili kwa kila kijiji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakazi wa vijiji vya kandokando ya Mto Tana, wakulima na wafugaji

Nakala: Wawakilishi wa wadi, machifu na manaibu wao, maimamu na wachungaji, walimu wakuu, wahudumu wa afya wa jamii